Mashine Isiyo na Mdomo

Machi 3

Mbele ya daftari hili ni zamu za wateja: nani anacheza, nani anafuata, nani ameruka foleni akarudishwa nyuma. Nimeligeuza kichwa chini, na kuanzia huku nyuma ni kwangu. Sitaandika kila siku. Nitaandika siku ambayo nina la kusema na hakuna wa kuniambia "enhe, halafu?"

Mvua zimeanza. Bati la banda linapiga kelele mpaka wachezaji wanaongeza sauti ya runinga, na Chaji naye anaongeza ya kwake. Chaji ni binti yangu, ana miezi kumi. Tulimpa jina hilo kwa sababu haishiwi.

Banda la gemu ni la shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Lina runinga tatu, mashine tatu za zamani, mabenchi mawili na rafu ya diski ambazo nimezipanga mwenyewe: mpira juu, ngumi katikati, magari chini. Nafungua asubuhi, nafunga jioni, Chaji akiwa mgongoni au ndani ya boksi la runinga nililolitandikia kigodoro. Shule niliiacha mapema, lakini pedi ya gemu niliishika kabla ya mwiko, na wanaume wa mtaa huu wanaoweza kunifunga mpira hawazidi watatu. Nimewahi kutafuta kazi kwingine. Kote swali ni moja: mtoto utamwacha na nani? Hapa hakuna anayeuliza. Ndiyo maana nalipenda hili banda hata linapovuja.

Machi 4

Mteja kaniuliza mwaka huu tusubiri gemu gani. Nikaanza kumjibu, zamu yake ikafika, akaondoka nikiwa bado kwenye ya kwanza. Basi naandika hapa.

Mpira mpya: ni ule ule. Wamebadilisha jezi, wamemnyoa mshambuliaji, wameongeza jasho. Kipa bado anarukia upande ambao mpira haupo.

Ngumi mpya: nzuri, ila yule mwanamke waliyemwongeza anapigana na viatu vya kisigino kirefu. Mimi nikivaa kisigino hata dimbwi sivuki.

Magari: siyataki. Unazunguka, unazunguka, unarudi pale pale. Hiyo ndiyo siku yangu ya kila siku, sina haja ya kuicheza.

Ile ya mazimwi ndani ya hospitali: trela yake, ile video fupi ya kuitangaza, ilimliza Chaji nikaizima. Nilisema nimeizima kwa ajili yake.

Na Pori, sehemu ya tatu. Hiyo ndiyo yangu. Pori ni hadithi ya kaka na dada waliopotea msituni, wachezaji wawili, kioo kimoja. Mmoja anashika kamba, mwingine anashuka bondeni. Sehemu ya pili tuliimaliza mimi na Baba Chaji nikiwa na mimba ya miezi minane, tumbo likiwa meza ya kuwekea pedi. Ya tatu inatoka mwezi wa nne. Kila nikiamka nazihesabu siku.

Machi 6

Mvua. Chaji ana mafua. Basi.

Machi 9

Leo wametangaza mashine mpya. Nyeusi, ya mraba, haina hata pembe iliyojikunja, na wateja wameshaipa jina: Jiwe. Inatoka Mei tarehe mbili. Niliitazama trela kwenye simu yangu mara tano. Mvua ikinyesha ndani ya gemu, tone moja linateleza kwenye jani, linaning'inia nchani, linaanguka, na jani linarudi juu. Mimi nimeishi na mvua maisha yangu yote na sijawahi kuona jani likirudi juu hivyo. Nikatoka nje kutazama majani ya kweli. Kumbe hurudi.

Shemeji alipokuja kukagua nikamwonyesha. Ni mtu wa maneno machache, tumbo mbele, funguo kiunoni. Alishika simu akaiweka karibu na pua. Nikamwambia, "Shemeji, hii ikiingia hapa, mtaa mzima utahamia kwetu."

Alirudia kuitazama mara tatu.

Machi 11

Shemeji anawaambia wateja kwamba Jiwe likija mtaa mzima utahamia hapa. Maneno yangu, neno kwa neno, ila yanatoka kwake. Nimefurahi tu. Leo hata boksi la Chaji kalihamisha mwenyewe lisivujiwe.

Machi 17

Kinyozi wa jirani ni mmoja wa wale watatu wanaonifunga. Ana timu yake kwenye mashine ya kwanza, ameilea misimu kumi na moja. Aliichukua daraja la mwisho, sasa ni bingwa. Wachezaji wake anawajua kwa majina na umri, na mmoja alipostaafu mwezi uliopita alifunga kibanda chake cha kunyolea saa nzima, akisema ana msiba. Kila asubuhi kabla ya kunyoa kichwa cha kwanza anacheza mechi moja.

Nilimwambia ule mpira mpya ni ule ule. Akasema mwanamke hawezi kuelewa mpira. Nikamfunga tatu bila. Aliyefungwa ananyanyuka, ndiyo sheria ya banda, akanyanyuka akisema pedi ilikuwa imelowa.

Machi 22

Pori imeahirishwa. Mwezi wa tisa sasa. Wameandika kwamba wanatushukuru kwa uvumilivu. Uvumilivu gani? Sisi hatukuulizwa. Mwaka juzi walisema mwakani, mwakani ukaja wakasema mwezi wa nne, sasa wa tisa. Ngojangoja huumiza matumbo, na mimi tumbo lilikwishaniuma kwa mengine.

Baba Chaji alirudi mchana kutoka kwenye kiwanda cha mikate, nyusi nyeupe kwa unga, nikamwambia. Akasema, pole. Akalala. Ni mtu mwema, lakini pole yake hiyo hiyo ndiyo aliyonipa jiko lilipopasuka.

Machi 28

Nina la kuandika.

Kuna mtu kwenye mtandao anayepata mashine kabla hazijatoka, anazifungua, anazizungusha mbele ya kamera. Anaongea lugha ambayo naijua maneno kama ishirini hivi. Leo ametoa video ya Jiwe, dakika arobaini. Nimeitazama Chaji akinyonya. Sikuwa naelewa anachosema, kwa hiyo nilikuwa naangalia tu, na nadhani ndiyo maana niliona.

Jiwe halina mdomo.

Nikaisimamisha video. Mbele, hakuna pa kuingizia diski. Nikasogeza. Ubavuni, matundu ya kupumulia tu. Nyuma, nyaya. Juu, taa. Chini, miguu minne ya raba. Nimelizunguka Jiwe lile pande zote sita kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Gemu zote zinashushwa kwa mtandao, na kila mchezaji anafungua akaunti yake. Kwenye boksi kuna pedi moja.

Nikainua macho nikaitazama rafu yetu. Diski sitini na nne. Nikatazama mabenchi, watu tisa wanasubiri zamu.

Kwa mtu mwenye nyumba yake na mtandao wake na kochi lake, Jiwe ni zuri, sibishi. Lile jani bado linaniwasha moyo. Lakini sisi ni banda. Sisi tunaishi kwa diski na kwa pedi inayotoka mkono huu kwenda mkono ule.

Machi 29

Nilimngoja Shemeji mlangoni. Alipoingia tu nikamweleza, wateja wakiwepo. Jiwe halina mdomo, diski zetu zote zitakuwa sahani za ukutani, pedi ni moja. Akauliza nimesikia wapi. Nikamwambia kwenye video. Akauliza kama nilielewa lile jamaa lilichosema. Nikasema sikuelewa, niliona.

Kinyozi akadakia, "Mama Chaji anatafuta mdomo wa mashine. Tumpelekee kijiko ailishe."

Walicheka mpaka aliyekuwa anapiga penalti akakosa. Shemeji naye akacheka, si sana, kwa upande mmoja wa mdomo. Nikajifanya nabadilisha nepi.

Aprili 3

Mvua. Boksi la Chaji limelowa upande mmoja. Chaji ameanza kusimama kwa kushika rafu, na diski za magari anazitupa chini zote. Naona tunakubaliana.

Aprili 10

Nimejaribu tena. Safari hii nilikuja na ushahidi. Kuna gemu ndogo ya bure, nikaishusha kwenye simu kwa mtandao wa banda nikitazama saa. Mvua ilipokuwa imetulia, dakika kumi na mbili. Mvua ilipoanza, mtandao ukasimama, ukarudi, ukasimama, ukazima kabisa. Na hiyo ni gemu ya kutosha kiganjani. Za Jiwe ni kubwa mara mia.

Nikamwambia Shemeji mbele ya benchi la kwanza, na simu nikamnyooshea aone. Hakuishika. Alisema, "Shemeji, si wewe uliyesema mtaa mzima utahamia hapa?"

Nikasema ndiyo, lakini.

Akasema, "Basi."

Nimeliwaza siku nzima. Nikisifu, nasikika mpaka mtaa wa pili. Nikionya, nampigia mbuzi gitaa. Mdomo ni ule ule mmoja.

Aprili 13

Mama mkwe amekuja kumwona mjukuu. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, akitazama wanaume wazima wakipigana kwenye kioo. Akasema tena lile la cherehani, kwamba nijifunze kushona niachane na vita vya umeme. Namheshimu, lakini akiondoka huwa nahisi nimepimwa na kukutwa mfupi.

Jioni nikamwomba Baba Chaji aongee na kaka yake. Akasema banda ni la kaka, na yeye hajawahi kumkatalia kaka yake jambo tangu wakiwa watoto. Nikamwambia likifa banda mimi narudi ndani ya chumba kimoja na mtoto, kutwa, mpaka atakapoanza shule, na yeye peke yake abebe mikate ya watu na yetu. Akageukia nguo zilizokauka. Nilimkasirikia jinsi anavyokunja shati.

Aprili 21

Shemeji amezibeba mashine mbili, ya kwanza na ya pili, amezipeleka kwa muuzaji wa mjini kama sehemu ya malipo ya Jiwe. Alikuja asubuhi wakati naandika zamu. Anachomoa nyaya, mimi nazikunja. Nilikuwa nimeshasema mara mbili na nilijua nikisema ya tatu nitalia, na wangesema analilia mashine.

Kinyozi alifika kwa mechi yake ya asubuhi akakuta meza tupu. Akauliza timu yake iko wapi. Shemeji akamwambia asijali, Jiwe lina nafasi ya kutosha. Nafasi linayo, lakini timu iko ndani ya mashine iliyoondoka, na hakuna aliyefikiri kuihamisha. Hata mimi. Nilikuwa nimekazana na mdomo wa Jiwe nikasahau tumbo la ile ya zamani. Kinyozi alisimama na kanga ya kunyolea begani, akaniangalia mimi badala ya Shemeji.

Tumebaki na mashine ya tatu, ile inayochemka. Kipindi cha pili kikianza inajizima. Wateja wanaipepea kwa kifuniko cha boksi kama mgonjwa wa homa.

Aprili 25

Mvua, mvua. Mabango ya Jiwe yako mlangoni tangu katikati ya mwezi. Shemeji ameandika kwa rangi nyekundu: MEI 2, USIKOSE. Wateja siku hizi wanamwita Mzee wa Jiwe. Anatembea kifua mbele.

Mei 2

Naandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Saa mbili asubuhi watu walishajaa mpaka barazani, miavuli imesimamishwa ukutani kama bunduki. Sijawahi kuona watu wengi hivyo hapa, na moyo wangu, nakiri, uliruka. Nikajiambia labda mimi ndiye mjinga. Nilimvalisha Chaji gauni la njano.

Shemeji aliingia na boksi kichwani. Watu wakapiga makofi. Akalifungua taratibu, akatoa Jiwe, na kweli ni zuri, baridi mkononi, linang'aa kama sufuria jipya. Akaliunganisha. Kioo kikawaka. Likatuamkia kwa muziki, watu wakasema aaa.

Halafu likaomba mtandao. Likaomba akaunti. Shemeji akanipa pedi niandike, nikaandika jina lake. Likasema lina matengenezo ya kushusha kabla halijafanya chochote. Mstari mweupe ukaanza kusogea. Nje mvua ikaanza kusogea nayo.

Tulikaa tukiangalia mstari. Watu sitini, mstari mmoja. Ulipofika robo, mtandao ukakata. Uliporudi, ukaanza mwanzo. Kijana wa mwisho barazani akauliza kwa nini tusiweke diski ya mpira tukacheza wakati tunasubiri. Shemeji alichukua diski kutoka kwenye rafu yangu, nadhani mikono ilifanya yenyewe, akalisogelea Jiwe, akaligeuza. Mbele. Ubavu. Nyuma. Watu wote wakimwona. Akarudisha diski, akaiweka kwenye magari. Mpira huwekwa juu. Sikumrekebisha.

Saa sita walibaki kumi. Saa tisa tulibaki mimi, yeye na Chaji. Nilidhani nitafurahi. Mtu ukisema jambo, likawa, unapaswa kujisikia mkubwa. Nilijisikia kama nimemwona baba mtu akiteleza kwenye matope na nguo za sherehe.

Mei 5

Gemu moja ya mpira imeshuka baada ya siku tatu. Mchezaji wa pili hana pedi, za zamani hazikubali. Na anayecheza ni Shemeji tu, kwa sababu jina ni lake. Wengine wote Jiwe linawaita Mgeni. Wazoefu wa miaka minne, wanaitwa Mgeni.

Na mpira wenyewe: kipa bado anarukia upande ambao mpira haupo.

Mei 7

Wateja watatu, wote kwenye mashine inayochemka. Kinyozi haji. Namsikia upande wa pili wa ukuta, mkasi kri kri kri.

Shemeji kaniambia bila kunitazama kwamba mwisho wa mwezi huenda akafunga. Mwenye jengo tulilopanga anataka chumba kiwe stoo. Nikasema sawa. Nikaenda nyuma nikamkumbatia Chaji kwa nguvu mpaka akanisukuma.

Mei 8

Mama mkwe amekuja. Nilitegemea cherehani. Badala yake alimchukua Chaji, akakaa, akatazama banda tupu kwa muda mrefu. Akaniuliza kama mwanawe nilimwonya. Nikasema mara mbili. Akauliza mbele ya nani. Nikasema mbele ya wateja, wapo kila siku.

Akatikisa kichwa. "Mwanangu, yule tangu mdogo ukimwambia mbele za watu, hata nyumba ikiwaka atasema ni baridi. Mngoje awe peke yake. Na usianze na kosa lake."

Nilimwangalia upya. Nimekaa naye miaka mitatu nikidhani ananipima mimi. Kumbe amechoka kupima watoto wake, akija kwangu anapumzika.

Mei 9

Nilimngoja. Saa kumi hivi, mvua imekatika, banda tupu. Alikuwa anafuta Jiwe vumbi ambalo halina. Nikakaa benchi la pili, Chaji amelala begani, nikaanza kama nilivyofundishwa.

"Shemeji, mimi ndiye niliyekutia tamaa. Ile siku ya jani. Nilisema mtaa utahamia hapa, na nilisema kabla sijajua lolote. Nilipenda tu kuona mvua."

Aliendelea kufuta. Nikadhani hakusikia. Halafu akakaa benchi la kwanza, mgongo kwangu, hivyo nilichokuwa naongea nacho ni kisogo.

"Mimi nilijua," akasema.

Nikauliza alijua nini.

"Siku ile nimepeleka zile mbili. Muuzaji aliniambia kwa kinywa chake, mzee, hii haitumii diski, unalo hilo akilini? Nikamwambia najua."

"Ulijua?"

"Nilijua dakika ile ile aliyoniambia. Nikakumbuka na kijiko cha Kinyozi." Akakunja kitambaa cha kufutia. "Lakini mlangoni nimeshaandika. Watu wananiita Mzee wa Jiwe. Ningerudi na zile za zamani kichwani, nipite nazo wapi?"

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Wiki zote zile za kuchekwa, na timu ya Kinyozi, na mimi nikijiona mjinga, kumbe alijua. Nilitaka kusema mengi. Lakini kisogo chake kilikuwa kimenyolewa vibaya. Ameanza kwenda kwa kinyozi mwingine, wa mbali, kwa aibu. Nikashindwa kukigombeza.

Nikamwambia tu kesho twende wote kwa muuzaji, na mapema, kabla hajaziuza.

Mei 10

Tulitoka na mvua. Yeye Jiwe ndani ya boksi na mfuko wa plastiki, mimi mwavuli, Chaji katikati.

Muuzaji ana duka jembamba, mashine zimepangwa hadi darini. Ya pili alishaiuza. Ya kwanza ilikuwepo, kwenye rafu ya chini, ina ule mkwaruzo ulioachwa na funguo za Shemeji. Akasema Jiwe anaweza kulirudisha, wanaolitaka wapo, na mahali pa ile iliyouzwa atatupa nyingine ya umri ule ule, pamoja na pedi nne. Shemeji akataka kusema haya haya, tuondoke. Nikamshika mkono wa shati.

Nikampa yeye Chaji. Nikaketi chini nikaomba runinga. Nilizijaribu zote mbili, kwa diski nilizobeba kwenye mkoba wa nepi. Nikasikiliza feni, nikahisi joto kwa kiganja. Pedi niliminya kitufe kimoja kimoja. Ya tatu kijiti cha kushoto kilikuwa kinavuta, mchezaji anatembea peke yake kama mlevi, nikairudisha. Ya nne vilevile. Muuzaji akapumua kwa nguvu akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia abadilishe hizo mbili kwanza.

Shemeji muda wote alikuwa nyuma yangu, amembeba mtoto wa mdogo wake kama boksi la mayai.

Kisha nikafungua kumbukumbu ya mashine ya kwanza. Nilikuwa naiogopa sehemu hii. Tupu. Muuzaji husafisha zote zikiingia, ndiyo kazi yake, hana kosa. Misimu kumi na moja imekwenda.

Mei 11

Kinyozi nilimfuata mwenyewe. Alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nusu kimenyolewa. Nikamwambia mashine imerudi, timu haikurudi, na kwamba siku ile zinachomolewa ningeweza kukumbuka, sikukumbuka.

Akamaliza ile nusu ya pili. Alikung'uta kanga. Akauliza kama ni kweli Shemeji alikwenda mwenyewe kurudisha. Nikasema ndiyo, kwa miguu yake, mchana, watu wanamwona.

"Na mdomo inao?"

Nikasema inao.

Akaja saa kumi na moja. Alichagua timu ya daraja la mwisho kabisa, ambayo hata jezi zake ni mbaya. Shemeji alikuwepo. Hawakuombana radhi, wanaume wana njia zao. Kinyozi alikitazama tu kile kisogo, akasema, "Nani kakufanyia ukatili huu? Njoo kesho."

Mei 16

Mashine tatu. Benchi la kwanza limejaa, la pili nusu. Si mtaa mzima. Shemeji kamwambia mwenye jengo kwamba stoo atafute kwingine, sisi tupo mpaka mwakani, tutaona.

Bango la Jiwe kalibandua mwenyewe. Anamwambia kila mteja kwamba yeye alishaona mapema kuwa mashine zisizo na diski hazifai banda. Maneno yangu tena, neno kwa neno. Nimesaga meno mpaka Chaji akageuka kunitazama.

Mei 20

Jua. Nimeanika mabenchi.

Pori imeahirishwa tena. Mwakani. Na wameandika kwa herufi ndogo kwamba sehemu ya tatu itakuwa ya mchezaji mmoja. Kaka na dada wamepotea msituni, halafu acheze mmoja. Huyo mwingine anafanya nini, anasubiri? Nimemwonyesha Baba Chaji. Nilijua atasema pole. Akaisoma mara mbili, midomo ikitembea, akasema, "Hawa hawajawahi kushikiwa kamba." Jioni tukaanza upya sehemu ya pili. Amesahau vitufe vyote. Ameniangusha bondeni mara tisa.

Mei 27

Mvua zimekwisha kabisa. Vumbi limeanza.

Leo asubuhi, kabla ya wateja, Shemeji aliingia akafunga mlango nyuma yake. Nikadhani kuna msiba. Akatoa simu mfukoni, akaniwekea mezani juu ya daftari la zamu. Ilikuwa trela. Kampuni nyingine, mashine nyingine, inatoka mwisho wa mwaka: mviringo, ya buluu, inafunguka juu kama kifuniko cha sufuria. Ndani ya gemu yake simba anatikisa maji manyoyani, na nakwambia kila unywele una tone lake.

Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Macho yake yalikuwa yale yale ya mwezi wa tatu. Yangu pia, bila shaka. Tuliitazama mpaka mwisho, tukairudia.

Akavuta benchi akakaa, safari hii uso kwangu. Akaweka funguo chini.

"Haya, shemeji," akasema. "Anza na ubaya wake."

Nikaanza. Ilinichukua saa nzima, na hakunikatisha.